Kikohozi Kisichosikia Dawa

Labda unakaa Poli au Ilkiding'a, miteremkoni mwa Mlima Meru. Asubuhi kuna baridi, jikoni kuna moshi, na kukohoa hakumshtui mtu. Lakini kikohozi kikipita majuma mawili, usiseme, "Ni baridi tu." Nenda zahanati.

Huko watapima kwanza makohozi yako, kutafuta kifua kikuu. Wanafanya vyema. Ugonjwa huo ni mwingi kwetu, unapona, na dawa zake hutolewa bure. Hospitali ya Kibong'oto, upande wa Kilimanjaro, imewatibu wagonjwa wake tangu mwaka 1926.

Lakini si kila kikohozi ni kifua kikuu, wala si kila kifua kinachobana ni pumu. Mara chache huota uvimbe ndani ya njia ya pumzi. Mmojawapo huitwa karsinoidi. Ni saratani, lakini kwa kawaida hukua polepole, pengine kwa miaka. Humpata hata mtu asiyevuta tumbako. Dalili zake hudanganya: kukohoa, kukosa pumzi, kutema damu, na homa ya mapafu inayorudi mahali pale pale.

Basi, hutambuliwaje? Picha ya eksirei huweza kuonyesha doa, lakini haitaji jina lake. Ndipo daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa mpaka ndani ya kifua, akachukua kipande kidogo cha nyama, kikatazamwe kwa hadubini. Kipande hicho ndicho shahidi. Kwa uchunguzi wa namna hiyo mgonjwa wa Arusha huweza kupelekwa KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971.

Karsinoidi ikigunduliwa mapema, tiba yake kubwa ni kupasuliwa na kuondolewa uvimbe. Katika aina yake iliyo pole, wagonjwa kama tisa kati ya kumi waliopasuliwa huwa wangali hai baada ya miaka 5. Kwa hiyo neno saratani lisikukimbize hospitali.

Baba na mama wa nyumba, shikeni haya. Mgonjwa aliyepewa dawa za kifua kikuu asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Akizimeza miezi miwili bila nafuu, arudi akaseme wazi, aombe kupimwa tena. Akitema damu, asifiche hata siku moja. Wala msiuze ng'ombe kumlipa mpiga ramli, kisha mkakosa nauli ya kwenda Moshi. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua.