Sinia la Kihabeshi: mlo wa kundi usiomwacha mtu nje

Watu wanane wakiingia mkahawani na kila mmoja akaagiza sahani yake, bili hupanda upesi, na mwenye mfuko mwepesi huishia kunywa soda akidai ameshiba. Mnaopanga mlo wa chama, au wa kumuaga mwenzenu kazini, fikirieni mikahawa ya Kihabeshi, yaani ya Kiethiopia. Jijini Nairobi, mikahawa hiyo ipo Kilimani, Hurlingham na hata Eastleigh.

Huko kundi zima hupakuliwa chakula katika sinia moja kubwa. Chini hutandikwa injera, mkate mpana na laini wa unga wa nafaka ya teff uliochachuliwa siku kadhaa. Juu yake hupangwa mafungu ya michuzi na mboga. Unamega injera kwa mkono wa kulia, unazoa mchuzi, unakula. Aliyezoea pilau ya sinia katika harusi za pwani anaijua adabu yake: kila mtu na upande wake.

Wenye bajeti ndogo waulizie beyaynetu, mseto wa vyakula vya mfungo. Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa, mbali na mifungo mirefu kama Kwaresima. Kwa hiyo wapishi wao wamebobea katika kuvipa vyakula vya jamii ya kunde na mboga ladha nzito. Kuna shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Misir wat, kamande zilizopikwa kwa berbere, bizari yao nyekundu yenye pilipili. Na gomen, mboga ya majani inayofanana na sukuma wiki.

Watu wanane waanze na beyaynetu ya watu watano au sita, kisha waongeze doro wat moja: kuku aliyeiva polepole katika vitunguu vingi na berbere, pamoja na mayai ya kuchemsha. Ulizeni mapema kama injera ya nyongeza inalipiwa. Badala ya kila mtu kuagiza kinywaji, agizeni kahawa ya pamoja. Kwa desturi huchemshwa katika jebena, birika la udongo, na kunywewa kwa duru tatu: abol, tona na baraka.

Michango ikusanywe kabla ya siku yenyewe, kwa M-Pesa ya mtu mmoja, ili mezani pasiwe na hesabu.

Uzuri mkubwa wa mlo huu haumo katika bei peke yake. Asiyekula nyama ana chakula chake. Aliyechanga kidogo na aliyechanga zaidi wanamega injera ileile, wala hakuna sahani ya kumfichua mtu. Wahabeshi wana hata gursha, desturi ya kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako kama ishara ya upendo na heshima. Kundi linalotaka kubaki pamoja lichague meza ambayo kila mwanachama anaweza kuimudu.