Gari kimya ukigeuza ufunguo? Angalia swichi ya klachi

Kwenye miteremko ya Kibosho, Uru au Marangu, dereva wa gari la gia za mkono akipaki hategemei handbreki peke yake. Anaacha gari kwenye gia, na mara nyingi anaweka na jiwe kwenye tairi. Ni sahihi kabisa, maana injini iliyozimwa inasaidia kushikilia magurudumu. Hatari iko wakati wa kuwasha: ukipiga stata gari likiwa kwenye gia bila kukanyaga klachi, stata inasukuma gari zima.

Tupige hesabu, tuseme uko tambarare. Stata inazungusha injini mara 200 kwa dakika. Gia namba moja pamoja na difu vinapunguza mzunguko huo kama mara 15, kwa hiyo tairi linazunguka mara 13 hivi kwa dakika. Kama mzingo wa tairi ni mita 2, gari linasogea karibu nusu mita kila sekunde, na hapo injini hata haijawaka! Mtoto aliyesimama mbele ya boneti ana muda gani wa kukwepa?

Ndiyo kazi ya swichi ya klachi, kwa magari yaliyo nayo. Imefungwa juu ya pedali. Usipokanyaga, waya unaoipa stata amri umekatika. Ukikanyaga hadi mwisho, swichi inaunganisha.

Sasa ikizeeka, unageuza ufunguo, kimya. Toa gia, vuta handbreki, zuia matairi, halafu:

1. Washa taa kubwa, piga stata. Taa zikififia sana, anza na betri na vichwa vyake. Zisipobadilika, shuku waya wa amri, na swichi imo humo.

2. Chungulia juu ya pedali. Kuna kipira kidogo kinachobonyeza swichi. Kikikatika, swichi ni nzima ila haibonyezwi.

3. Weka mita kwenye volti, ncha moja kila upande wa swichi. Mwenzako akanyage klachi na kugeuza ufunguo. Ikisoma karibu 12, swichi haiunganishi. Ikisoma 0 na stata kimya, tafuta kwingine: fyuzi, waya, swichi ya ufunguo.

Vipi ikisoma katikati? Hapo migusano imechakaa. Chukulia solenoidi ya stata ina omu 1.2: kwa volti 12 inavuta ampea 10. Swichi ikiongeza omu 0.5 tu, mkondo unashuka hadi ampea 7, na solenoidi inabaki na volti 8.5 hivi. Inaweza ikashindwa kuvuta.

Mtu atakwambia, "Unga tu hizo nyaya, uendelee na safari." Kwa kupima, gia ikiwa huru, sawa. Ukiziacha hivyo, gari litawaka vizuri kila siku, mpaka asubuhi moja mtu mwingine aingie, ageuze ufunguo, na gia ya jana bado iko ndani.