Mtoto Akianguka Mbioni, Mpoze Kwanza

Ni mimi muuguzi wako wa jamii. Leo nina neno na wewe mzazi, wewe mwalimu wa michezo, na wewe kijana unayekimbia mbio ndefu.

Siku moja katika mashindano ya shule, mvulana wa miaka 14 alianguka akikaribia kumaliza mbio. Nilipomuuliza jina lake, alijibu maneno yasiyoeleweka. Watu walimzunguka, huyu akiita gari, yule akitaka kumnywesha soda. Tuliwaomba wasogee. Tukamvua jezi na viatu, tukammwagia maji ya tangi ndoo baada ya ndoo huku tukimpepea. Gari lilipofika, alikuwa amelikumbuka jina lake. Alilazwa, akapona.

Je, ni nini kilichompata? Misuli ikifanya kazi hutoa joto jingi. Jasho likikauka juu ya ngozi, mwili hupoa. Lakini hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama huku Pwani, jasho hudondoka tu bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Mwezi wa Machi 2007, Mombasa iliandaa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, alijitoa siku hiyo ya joto kali. Ikiwa bingwa alishindwa, sembuse mtoto aliyeshuka jana kutoka nyanda za juu? Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi ya kuongezwa polepole ili kuzoea joto.

Sasa tuje kwenye maji. Wako wanaomnyima mwanafunzi maji mazoezini, wakisema yatamfanya mzito. Jambo hilo ni hatari. Maji yawepo uwanjani, na mtoto anywe kila anapohisi kiu. Atazame mkojo wake: ukiwa wa manjano hafifu, ni vyema, ukiwa mweusi kama chai ya rangi, asikimbie, apelekwe kituo cha afya. Hata hivyo, usimlazimishe kunywa kupita kiu yake. Maji yakizidi mno hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, ubongo ukavimba, na mtu aweza kufa.

Mkimbiaji akilalamika kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, mwondoe mbioni, mweke kivulini, mpe maji kidogo kidogo. Lakini akipepesuka, akiongea ovyo, akitukana bila sababu au akizirai huku mwili ukiwa moto, hiyo ni dharura. Usidanganywe na jasho. Mtu aweza kuzidiwa na joto na bado anatokwa na jasho. Fanya hivi:

1. Mwite mhudumu wa afya na mtume mtu atafute gari.
2. Mpeleke kivulini, mpunguze nguo.
3. Mpoze papo hapo. Kama kuna beseni kubwa au pipa la maji baridi, mtumbukize hadi shingoni, mtu mmoja akikishika kichwa chake kisizame. Kama halipo, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma na mpepee.
4. Usimpe kitu mdomoni kama hana fahamu timamu. Dawa za kutuliza homa hazisaidii hapa.
5. Endelea kumpoza hata mkiwa garini.

Kumbuka, nusu saa ya kwanza ndiyo yenye uzito. Safari ya hospitali bila kupoza ni kumchelewesha.

Mwisho, mtoto mwenye homa au anayeharisha asikimbie, hata kama timu inamtegemea. Medali itapatikana mwaka ujao.

Kabla ya mashindano yajayo, muulize mwalimu wa mtoto wako: maji ya kunywa yako wapi, na maji ya kumpoza yako wapi?