Pikapu Yako Ina Nguvu ya Kuvuta Tela. Je, Ina Mgongo wa Kulibeba?

Ndugu msikilizaji, kila msimu wa mavuno swali hili huturudia studio kwa namna mbalimbali: "Nina pikapu. Nataka nifunge tela kubwa linalokalia mgongoni mwa gari, kama lile la semi, niende sokoni mara moja badala ya mara tatu. Inawezekana?"

Jibu fupi ni kwamba inawezekana kwa baadhi ya magari. Kwa pikapu nyingi za tani moja tunazoziona vijijini kwetu, tela la kawaida linalofungwa nyuma ndilo salama na rahisi zaidi. Hapa tunaeleza sababu, na pia mambo ya kukagua kabla hujamlipa fundi.

Wengi wanaotaka kazi hii huifuata Dar es Salaam. Ukitoka Morogoro ukavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, mbele kidogo unafika Fire. Hapo unakata kulia na kuufuata Mtaa wa Msimbazi, unaipita Kariakoo na kutokea Gerezani, kwenye maduka ya spea na mafundi wa kuchomelea. Huko utapata karibu kila chuma unachokitaka. Lakini fundi atakufungia ulichoagiza, kwa hiyo hesabu ya uzito uifanye wewe kabla hujafika.

Somo la mkokoteni

Kabla ya kuzungumzia pikapu, mtazame msukuma mkokoteni wa Kariakoo akipanga mzigo. Akiweka mzigo mwingi nyuma ya magurudumu, mpini unanyanyuka na yeye mwenyewe ananing'inia. Akiuweka mwingi mbele, mpini unamlemea mikono. Kwa hiyo hupanga mzigo mwingi juu ya magurudumu, kisha huacha uzito kidogo tu uegemee mbele ili mpini utulie.

Tela nalo liko hivyo hivyo, na pikapu yako ndiyo iliyoshika mpini. Kuna sehemu ya uzito inayovutwa, na kuna sehemu inayolilalia gari. Sehemu hii ya pili ndiyo watu wengi huisahau.

Aina mbili za kufunga tela

Aina ya kwanza ni tela la kawaida. Mbele lina ulimi wa chuma unaoshika mpira wa chuma uliofungwa nyuma ya gari, chini ya bampa. Kwa tela la aina hii, uzito unaolilalia gari hutakiwa kuwa kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela likiwa na mzigo. Ukiwa mdogo kuliko hapo, tela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki.

Aina ya pili ni ile ya lori la semi. Nyuma ya kichwa cha lori kuna sahani nzito ya chuma yenye mdomo, na chini ya tela kuna pini nene inayoingia kwenye mdomo huo na kufungwa. Waingereza na Wamarekani wanaiita sahani hiyo gurudumu la tano. Jina hilo limetokana na magari ya zamani ya farasi, ambayo juu ya ekseli ya mbele yalikuwa na duara la chuma lililolala ili ekseli iweze kugeuka. Hapa sahani inabeba uzito mkubwa zaidi, kama asilimia 15 hadi 25 ya uzito wote wa tela.

Huko Marekani watu hufunga sahani ya namna hii kwenye pikapu na kuvuta nyumba za magurudumu. Lakini pikapu zao za kazi hiyo ni kubwa, mfano Ford F-350, ambazo nyingine zina tairi mbili mbili nyuma. Hilux ya mkulima wa Kilosa haiko katika kundi hilo.

Kwa nini sahani inasifiwa

Sifa yake ni mahali inapokaa. Tuseme gari lako lina mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na mpira wa tela la kawaida uko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ulimi wa tela ukilalia hapo kwa kilo 200, gari linafanya kazi kama mzani wa kubembea. Ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 280, na ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 80. Usukani unakuwa mwepesi, taa za mbele zinamulika juu, na breki za mbele zinapungukiwa nguvu.

Sahani hukaa juu ya ekseli ya nyuma au sentimita chache mbele yake. Kilo 200 zile zile zikiwekwa sentimita 10 mbele ya ekseli, magurudumu ya mbele hayanyanyuki hata kidogo, bali yanaongezewa kama kilo 7. Gari linatulia na tela haliyumbi ovyo. Ndiyo maana fundi akikufungia sahani nyuma ya ekseli kwa kuwa "ndipo penye nafasi", amekuondolea faida yote uliyoilipia.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Chukua kadi ya gari au kitabu cha gari lako. Tafuta uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa wa kwanza kwenye wa pili, na jibu ndilo mzigo ambao gari linaweza kubeba mgongoni, watu wakiwemo.

Tuchukue mfano. Gari lina kilo 1,900 likiwa tupu na linaruhusiwa kilo 2,900. Limebaki na kilo 1,000. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Sahani na vyuma vya kuishikilia, tuseme kilo 150, kwa sababu sahani ya lori peke yake huzidi kilo 100. Sasa tela lina kilo 800 likiwa tupu, na umepakia magunia 22 ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Tela lote ni kilo 3,000. Asilimia 20 yake ni kilo 600, nazo zinalilalia gari.

Jumlisha 280, 150 na 600. Unapata kilo 1,030. Umeshazidi kwa kilo 30, na nyuma ya gari hujaweka hata debe moja.

Na hayo ni magunia ya haki. Kama ni lumbesa ya kilo 120, tela linafika kilo 3,440 na gari linalaliwa na kilo 688. Gari na tela pamoja vinakaribia kilo 5,800, na breki za gari zilitengenezwa kusimamisha kilo 2,900. Injini ya dizeli inaweza kuondoka na mzigo huo bila kulalamika, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Shida huja kwenye mteremko, au ng'ombe wanapokatiza barabara.

Angalia pia kiwango cha kuvuta. Baadhi ya Hilux mpya zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 endapo tela lina breki zake. Za zamani ni pungufu ya hapo. Tela lisilo na breki, kiwango cha gari hilo ni kilo 750 tu. Hayo ni magunia mawili matatu juu ya tela lenye uzito wa kilo mia nne na kitu.

Kama huna mizani kubwa

Ulimi wa tela la kawaida unaweza kuupima kwa mizani ya mazao ya AMCOS au ya mnunuzi. Panga mzigo kwanza, weka tela mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha teremsha ulimi juu ya mizani ukiwa katika kimo kile kile unachokaa kwenye gari.

Kama mizani yako ni ndogo, tafuta ubao mnene. Upande mmoja ukae juu ya tofali, upande wa pili juu ya mizani, na kati ya sehemu hizo mbili pawe na futi 3. Laza ulimi futi 1 kutoka kwenye tofali. Namba unayoisoma zidisha mara 3. Ukisoma kilo 60, ulimi una kilo 180.

Mambo ya kumsimamia fundi

Kwanza, chasisi. Sahani au kifungio cha mpira kishikwe na zile nguzo mbili ndefu za chasisi. Sakafu ya bodi ni bati, na bampa ni pambo. Usikubali fundi achomelee chasisi mahali popote anapoona panafaa, maana moto hudhoofisha chuma na ufa huanzia hapo. Tumia bolti ngumu. Kichwani zimeandikwa 8.8 au 10.9. Baada ya safari fupi ya kwanza, zikazwe tena.

Pili, springi. Kuongeza majani ya springi kunanyanyua mgongo wa gari, lakini ekseli, beringi, breki na tairi zinabaki zile zile. Uzito unaoruhusiwa haujaongezeka.

Tatu, nafasi ya kukunja na kuinama. Kwa tela la sahani, pima umbali kati ya pua ya tela na kibanda cha gari ukiwa umekata kona hadi mwisho. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi, na pua ya tela inaweza kuvunja kioo cha nyuma. Pima pia nafasi kati ya kingo za bodi na tumbo la tela. Barabara zetu zina mitaro, na gari likipanda ukingo huku tela bado liko chini, vyuma hugongana. Sentimita 15 ndiyo iwe mwanzo, na njia mbovu inahitaji zaidi.

Nne, breki za tela. Tela la kawaida linaweza kuwa na breki zinazojibana zenyewe pale gari linapopunguza mwendo na tela likalisukuma kwa nyuma. Tela la sahani haliwezi kutumia mtindo huo, linahitaji breki za umeme au za upepo. Kama fundi anakufungia sahani bila kusema lolote kuhusu breki, mwulize hapo hapo.

Tano, taa. Pikapu nyingi zina umeme wa volti 12, na malori mengi yana volti 24. Ukinunua taa za tela Kariakoo, taja volti. Nyaya zipitishwe ndani ya mpira, mbali na bomba la moshi.

Sita, tairi. Zitazame ubavuni, utaona namba nne za mwisho. 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa kuukuu kwa ndani.

Kabla ya kuondoka

Ukishafunga tela la sahani, chukua tochi uchungulie. Kati ya sahani na tela pasionekane mwanga, na mdomo uwe umeikaba pini kote. Funga breki za tela, weka gia ya kwanza, sukuma gari mbele taratibu. Tela likibaki na gari likakataa kwenda, limeshika. Hapo ndipo unyanyue miguu ya tela. Kwa tela la kawaida, funga minyororo miwili ya akiba ikipishana chini ya ulimi. Usimpakie mtu kwenye tela, hata kama ni kibarua na shamba liko karibu.

Barabarani, gari linalozidi kilo 3,500 halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa, na kwenye makazi mwisho ni 50. Kwenye mteremko kama Kitonga, shusha gia kabla hujaanza kushuka, ili injini isaidie kushika gari. Ukikanyaga breki mfululizo hadi chini, zinapata moto na kukataa.

Tela lina usajili wake TRA na namba yake. Ukilipeleka kwenye biashara ya kubeba mizigo ya watu, utahitaji leseni ya LATRA. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ilianza kutumika nchini mwaka 2019, nayo inagusa magari ya kuanzia kilo 3,500. Pikapu na tela lililojaa vinavuka hapo, kwa hiyo ukifika mizani kama ya Vigwaza, usiipite ukidhani wewe ni gari dogo.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama gari lako ni la tani moja, tela la kawaida lenye breki, lililofungwa kwenye chasisi na kupakiwa kwa kipimo, litakufikisha. Kama mavuno yako kweli yanahitaji tela la sahani, hesabu ya hapo juu itakuonyesha kuwa unahitaji gari kubwa zaidi, au mkodi lori na majirani zako mgawane nauli. Chukua kadi ya gari leo jioni, kaa na kalamu, fanya ile hesabu ya kutoa. Ukishapata jibu, ndipo upange safari ya Gerezani.