Kutafuta Vigeu vya Lugha katika Hifadhi za Data

Kwa wanatakwimu, kigeu ni sifa yoyote ipimwayo ambayo hubadilika toka mtu mmoja hata mwingine: umri, idadi ya miaka aliyosoma, lugha asemayo nyumbani. Katika faili la data kila aliyehojiwa ana mstari wake, na kila kigeu kina safu yake. Mtafiti wa lugha aghalabu hahitaji faili zima. Safu mbili au tatu zamtosha. Shida ni kuzipata, na akiisha kuzipata, kuwa na hakika kwamba ndizo. Nia ya makala haya ni kueleza shida hiyo kwa mtu atafutaye habari za Kiswahili.

Hifadhi zenyewe si jambo jipya. Ile ya Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, ijulikanayo kwa herufi ICPSR, ilianzishwa mwaka 1962, na ile ya Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1967. Lililobadilika ni mlango wa kuingilia. Siku hizi, kwa njia ya mtandao, mtu aweza kuandika neno moja akaletewa maswali yenye neno hilo kutoka tafiti nyingi kwa mara moja. Wepesi huo una gharama yake. Aliyepekua kitabu cha maelezo kwa mkono alilazimika kuyapitia maswali yaliyotangulia na yaliyofuata. Orodha ya mashine humpa swali lililotengwa na jirani zake.

Tuchukue mfano. Mtu ataka kujua kusoma kwa Kiswahili kumeenea kiasi gani nchini Tanzania. Afungua hifadhi ya IPUMS, ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambamo zimo sampuli za sensa za Tanzania za miaka 1988, 2002 na 2012. Kwa kuwa katalogi imeandikwa kwa Kiingereza, aandika neno la Kiingereza lenye maana ya "lugha", na huenda asione alichotaka. Walakini habari anayoitafuta imo. Imewekwa chini ya kichwa cha kujua kusoma na kuandika. Sensa za 2002 na 2012 hazikuishia kuuliza kama mtu ajua kusoma na kuandika, bali ziliandika kama ajua kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha hizo mbili, au kwa lugha nyingine.

Hata akibadili neno la kutafutia, bado hajafika. Atakutana kwanza na kigeu kilicholinganishwa, yaani kile kilichotengenezwa na wahifadhi ili nchi moja iweze kupimwa pamoja na nyingine. Kigeu hicho, kiitwacho LIT, kina majibu makuu mawili tu: ajua, au hajui. Kiswahili kimekwisha kufutika. Siwalaumu wahifadhi, maana Tanzania na Brazili hazingeweza kukaa katika jedwali moja bila ya kupunguzwa namna hiyo. Lakini mwenye haja ya lugha hapana budi ashuke hata kwenye vigeu vya asili, ambavyo hifadhi hiyo imeviweka kando, kila sensa na vyake, na majibu yake kama yalivyokusanywa. Huko pia asome maelezo ya waliopasa kujibu. Watoto wadogo hawaulizwi swali hili, na asiyewaondoa katika hesabu yake atapata asilimia isiyo na maana.

Wako wapendao kuliziba pengo la lugha kwa kabila. Kwa Tanzania njia hiyo imefungwa, kwani sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kwa Kenya swali hilo liliulizwa hata katika sensa ya 2019. Lakini mtoto wa Nairobi aliyeandikwa kabila la baba yake hakuulizwa hapo anaota kwa lugha gani.

Mtego mkubwa zaidi umo katika tafiti za demografia na afya, zijulikanazo kwa herufi DHS, ambazo zimefanywa Tanzania mara kadhaa tangu mwaka 1991. Katika utaratibu wa mafaili yake ya miaka ya karibuni, kigeu V045B ni lugha ya mahojiano, na V045C ni lugha ya asili ya mhojiwa. Vyote viwili huletwa na neno lile lile la kutafutia, tena vimepangwa bega kwa bega. Sasa, hojaji za Tanzania zilitafsiriwa kwa Kiswahili. Basi achukuaye safu ya kwanza akidhani ni ya pili ataandika kwamba Mhehe, Mmakonde na Msukuma wote wamelelewa kwa Kiswahili. Kosa hilo halionekani kwa macho, maana jedwali litakuwa safi na hesabu zitajumlika sawasawa.

Katika tafiti hizo hizo, kigeu V155 hupima kusoma kwa kumwonyesha mtu kadi yenye sentensi. Moja ya majibu ni kwamba kadi ya lugha iliyohitajika haikuwapo. Jibu hilo si sawa na kutojua kusoma, ijapokuwa nimeona likihesabiwa hivyo. Tena nambari 9 au 99 mwishoni mwa orodha si kipimo, ni alama ya jibu lililokosekana.

Yapasa kukumbuka pia kwamba anwani ya kigeu, ile isomwayo na mashine ya kutafutia, ni ya Kiingereza, hali swali lenyewe liliulizwa kwa Kiswahili. Atafutaye aandike "Swahili" na "Kiswahili" pia, kwa kuwa wahifadhi hawakuafikiana. Kisha aitafute hojaji yenyewe, pale inapopatikana, asome mhojaji alitamka nini. Penye anwani yenye maana ya watu wakaao pamoja na kula pamoja, hojaji za Tanzania zasema "kaya". Na kwa Mmijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makao ya kale ya wazee msituni.