Mchoro Unaosema Kinyume

Tuseme depo ya vinywaji ya hapa Golf, Lubumbashi, inataka programu ya kuandika oda. Mteja mmoja anaweza kuweka oda nyingi. Kila oda ni ya mteja mmoja. Hilo hata mtoto wa dukani analijua. Kwenye karatasi ndipo linapogeuka.

Merise, mbinu ya kuchora mifumo ya taarifa iliyozaliwa Ufaransa miaka ya 1970, imefundishwa kwa muda mrefu kwa wanainformatiki wanaosoma kwa Kifaransa, wa Kongo wakiwemo. Huandika kando ya mteja 0,n (sifuri hadi nyingi), kwa kuwa yeye ndiye mwenye oda nyingi, na kando ya oda 1,1. UML, lugha ya michoro ya programu iliyotokana na kazi ya Booch, Rumbaugh na Jacobson na kupitishwa na shirika la viwango OMG mwaka 1997, huziweka namba hizo kwenye ncha za pili za mstari unaounganisha mteja na oda: 1 kwa mteja, 0..* kwa oda. Anayechora visanduku vya UML kwa mazoea ya Merise hupata mchoro nadhifu unaodai kwamba oda moja ina wateja wengi, na kila mteja ana oda moja tu. Hifadhidata ikijengwa hivyo, oda ya Jumamosi itaifuta ile ya Jumatano.

Kosa kama hili hupita kwa sababu michoro mingi huchorwa programu ikiwa imeshaandikwa, ili TFC, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, inenepe mbele ya jury. Humo, kwenye mchoro wa kazi za mtumiaji, utakuta pia kazi ya kuandika nywila imefungwa kwa mshale wa kujumuisha na kila kazi nyingine. Hakuna mwenye depo anayeamka alfajiri ili akaandike nywila, anaamka akauze.

UML 2.5 ina aina 14 za michoro. Depo haihitaji zaidi ya mbili au tatu, na ningeanza na mchoro wa mfuatano wa malipo. Mteja analipa nusu kwa dola, anamalizia kwa faranga kupitia simu, mtandao unakatika kabla ujumbe haujafika. Je, kreti zitoke au zisubiri? Kiwango cha dola ni cha asubuhi au cha saa hii? Mchoro huo hauchoreki mpaka maswali haya yajibiwe, na mwenye kuyajibu ni mfanyabiashara, si fundi wa programu.

Kwa hiyo ukiletewa michoro, mwambie fundi akusomee kila mstari kwa Kiswahili, kutoka pande zote mbili. Akikwama, usitoe avansi.