Damu ya mtoto huanzia jikoni

Ndugu wasikilizaji, juma lililopita nilikuwa sokoni nikitafuta ndimu. Kando ya meza ya ndimu palikuwa na ungo, na ndani yake vijiti vya udongo uliokaushwa, vimepangwa vizuri mithili ya kashata. Wengine huuita udongo huo pemba. Mara akaja binti mmoja mja mzito, akanunua vijiti vinne, akavunja kimoja na kuanza kukitafuna papo hapo.

"Shikamoo baba," akaniamkia alipoona namtazama.

"Marahaba mwanangu. Kwa siku unakula vingapi?"

Akacheka. "Sihesabu, baba. Nikivikosa, hata usingizi siupati."

Muuzaji, mama wa makamo, akadakia: "Mimi nimekula kwa watoto wote sita, na wote wapo, wazima."

Sikubishana nao, maana sokoni si mahali pa kuhutubia watu. Lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani, na leo napenda tuyatazame kwa utulivu. Je, mazoea madogo madogo ya mama mja mzito yanamfikia mtoto aliye tumboni? Na kama yanamfikia, yanapita njia gani?

Njia ni damu. Mtoto aliye tumboni hali kwa kinywa chake wala hapumui kwa mapafu yake. Chakula na hewa humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki, lakini katika kondo hupita karibu sana, kama majirani wawili wanaopeana vitu juu ya ua. Kwa hiyo, damu ya mama ikiwa haba, jirani wa pili hupokea kidogo. Ikiwa na sumu, naye hupokea sumu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Wakati wa uja uzito, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Ili damu hiyo itengenezwe, na mtoto naye apate yake, mwili huhitaji madini ya chuma yapatayo gramu moja kwa muda wote wa mimba. Gramu moja ni uzito wa punje tatu hivi za mahindi. Ni kitu kidogo, lakini kukipata si kazi ndogo, kwani mwili hufyonza sehemu tu ya chuma kilichomo katika chakula.

Sehemu kubwa ya fungu la mtoto huhamia kwake katika miezi mitatu ya mwisho. Hiyo ndiyo akiba anayozaliwa nayo. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, lakini yana chuma kidogo, hivyo mtoto hutegemea akiba ile kwa miezi minne hadi sita ya kwanza. Mama akiwa na upungufu mkubwa wa damu, mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu, na akiba yake ikiwa pungufu. Chuma hicho hicho ndicho ubongo wake unachohitaji unapokua. Na mama mwenyewe, akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, hana cha kumwokoa.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 kati ya kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na upungufu wa damu.

Turudi kwenye ungo wa udongo. Hamu ya kula udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kwa hiyo yule binti hastahili kuchekwa wala kukemewa, anastahili kupimwa. Taabu ni kwamba udongo unaotuliza hamu hauleti damu. Udongo wa mfinyanzi huweza kushika chuma kilichomo katika chakula, kikatoka na choo bila kuufaidia mwili. Tena huweza kubeba mayai ya minyoo. Na uchunguzi wa udongo wa namna hii katika nchi mbalimbali za Afrika umekuta ndani yake madini ya risasi, yale yanayotumika katika betri za magari. Risasi hupenya kondo na kumfikia mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa ni salama. Watoto sita wa mama muuzaji ni wazima, tumshukuru Mungu. Lakini damu yao haikupimwa.

La pili ni chai. Wengi wetu hatujui kula bila kikombe cha chai pembeni. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula huweza kupunguza kwa nusu, au hata zaidi, chuma ambacho mwili ungefyonza kutoka katika maharage na mboga za majani. Sisemi chai iachwe. Nasema ingoje saa moja au zaidi baada ya chakula. Mahali pake katika sinia pawekwe ndimu, chungwa au papai, kwa sababu matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Chakula ni kile kile. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

La tatu ni moshi. Kuni na mkaa, hali kadhalika sigara, hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hukamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huzunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Mtoto hukosa hewa safi, naye huzaliwa mdogo. Na moshi wa sigara haubagui: baba anayevuta chumbani humvutisha mama, na mama humvutisha mtoto.

Kuhusu pombe nitasema machache. Mwaka 1973 madaktari wa Marekani, Kenneth Jones na David Smith, walieleza ulemavu wa watoto waliozaliwa na mama walevi: sura isiyo ya kawaida, kukua kwa shida, na akili iliyodumaa. Pombe hupita katika kondo kama maji. Hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa ni salama kwa mja mzito, iwe ya chupa au ya kibuyu.

Hatuwezi kumsahau mbu. Vijidudu vya malaria huharibu chembe nyekundu za damu, tena hujificha katika kondo lenyewe. Kulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na kumeza dawa za kukinga malaria zinazotolewa kiliniki, ni kulinda damu. Dawa ya minyoo nayo hutolewa huko, baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Sasa, vidonge vya kuongeza damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mja mzito ameze kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma, pamoja na folik asidi. Nimeona nyumba ambazo vidonge hivyo vimelala kabatini. Wengine huviacha kwa sababu ya kichefuchefu. Wengine huogopa wakiona choo cheusi. Wengine wameambiwa kwamba mtoto atakuwa mkubwa ashindwe kutoka. Choo cheusi si ugonjwa, ni chuma kilichobaki. Kichefuchefu hupungua vikimezwa usiku kabla ya kulala. Na mtoto hafanywi jitu na vidonge. Hufanywa awe na damu. Ama folik asidi, ni vyema ianze hata kabla ya mimba, kwani uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Usipojifunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi.

Ndugu wasikilizaji, mtaona kwamba katika yote niliyoyataja, machache tu yamo mikononi mwa mama peke yake. Nani anashika pesa za chandarua? Nani anavuta sigara chumbani? Nani anapakuliwa kwanza? Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, minofu ni ya wageni, na mja mzito hupata mchuzi. Kuna koo zinazomkataza hata yai. Kisha mtoto akizaliwa dhaifu, tunauliza mama alikula nini. Huo ni uonevu.

Baba mwenye busara atafanya haya: kumsindikiza mama kiliniki mapema, kumuuliza mkunga damu ni kiasi gani, na kuikumbuka namba hiyo kama anavyokumbuka mshahara wake. Katika miezi mitatu ya kwanza na mitatu ya mwisho, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, huo ni upungufu. Kisha arudi nyumbani abadili upakuaji: dagaa, maharage, mchicha na kipande cha nyama kikipatikana, kwa mama kwanza.

Yule binti sikumnyang'anya vijiti vyake. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba siku ya kiliniki amwambie mkunga anakula udongo, asione haya. Akaniitikia, "Nitamwambia, baba." Nilimpa ndimu mbili kati ya zangu, akaenda zake. Nanyi mlio na binti, mke au mkamwana mja mzito nyumbani, mwulizeni leo kwa upole, kisha mtazameni sinia yake.